Metro Chorneyko na Ua la Safu ya Kumi na Nne

Padre, wanangu Orest na Darlene, majirani, na ninyi nyote mlioendesha magari tangu alfajiri kuja kumsindikiza ndugu yetu, asanteni kwa kufika. Mimi ni Nettie Lozinsky, mdogo wa marehemu, na kazi hii ya kusoma nimepewa na wanawe kwa madai kwamba mimi ndiye ninayekumbuka tarehe katika ukoo huu, ingawa nadhani sababu ya kweli ni kwamba hakuna mwingine aliyethubutu. Nitakwenda kwa utaratibu, na pale nitakaposimama mnivumilie, maana kina mama wa jikoni wameniahidi kwamba chakula hakitapoa.

Metro Chorneyko alizaliwa tarehe 3 Machi 1938, katika shamba la wazazi wetu lililoko kilomita kumi na nne kaskazini mwa mji huu wa Canora, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Wasyl na Mama Yevdokia Chorneyko, na siku hiyo kulikuwa na dhoruba ya theluji iliyomzuia mkunga asifike, kwa hiyo aliyempokea alikuwa bibi yetu, ambaye alimfunga katika koti la babu la ngozi ya kondoo na kumlaza karibu na jiko. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza maisha kwa kugombana na baridi, na hakuwahi kuacha.

Masomo yake aliyaanza Septemba 1945 katika shule ya Zelena, iliyokuwa na chumba kimoja na mwalimu mmoja, akaendelea hadi darasa la nane, kisha akaja hapa mjini kusoma sekondari mwaka 1953, lakini hakumaliza, kwa kuwa Novemba 1954 baba yetu alivunjika nyonga na ng'ombe walihitaji mtu. Ripoti yake ya mwisho ninayo nyumbani, na mwalimu ameandika kwamba Metro ni mwangalifu mno, ana mwandiko mzuri, ila hapendi kuambiwa. Nimeisoma mara nyingi na sijaona cha kuongeza.

Tarehe 15 Agosti 1956 aliajiriwa kama msaidizi katika ghala la nafaka la hapa mjini, mwaka 1961 akapandishwa kuwa wakala, na cheo hicho alikishika hadi ghala lilipofungwa tarehe 30 Juni 1995. Ninyi wakulima mliomletea ngano mnakumbuka alivyokuwa akitia mkono ndani ya lori, akachota punje chache, akazitafuna, akatema, akatoa hukumu, na hakuna urafiki uliowahi kuibadilisha hukumu hiyo. Marehemu mume wangu Walter alimlilia siku moja mbele ya watu, "Shemeji, mimi si ni ndugu yako?" na Metro akamjibu bila kuinua macho, "Wewe ni ndugu yangu, ngano yako ni mbichi. Irudishe ikakauke." Walter hakumsemesha mpaka Krismasi.

Tarehe 20 Oktoba 1962, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Olga Hnatiuk, binti wa fundi viatu, msichana mcheshi ambaye tulijiuliza sote amemwonea nini kaka yetu, na wakajaliwa watoto wawili, Orest aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1964 na Darlene aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1967, ambao wote wako hapa pamoja na wenzi wao na wajukuu watano. Kwangu Olga alikuwa wifi kwa sheria na rafiki kwa hiari yetu wenyewe, na mengi nitakayosema kuanzia sasa yanamhusu yeye pia.

Sasa nafika kwenye maua, ambayo wengi wenu mnaona ndiyo yalikuwa maisha yake. Septemba 1968 jirani yetu, Mama Fedosia Kalmakoff, alimpa Metro ganda kavu la mbegu za airisi, yale maua marefu yenye ndevu katikati, akamwambia kwamba kukata tunguu, lile shina nene la chini ya udongo, na kulipanda kunakupa ua lile lile la jana, bali mbegu inakupa ua ambalo hajaliona mtu. Neno hilo lilimwingia. Alizifukia mbegu hizo katika vikopo vya krimu chachu, akavipanga kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, palipo na joto kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba, akamwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Oktoba yote, Novemba yote, hadi Februari, na hakikutoka kitu. Tarehe 12 Februari 1969 Olga, aliyekuwa akihitaji vikopo vyake, alifungua mlango wa nyuma na kuumwaga ule udongo wote kwenye theluji kando ya ngazi. Metro aliporudi kulikuwa na maneno. Mwezi Mei, theluji ilipokwisha, kando ya ngazi zilichomoza airisi kumi na moja.

Hivyo ndivyo kaka yangu alivyojifunza kwamba mbegu ya airisi ni lazima ipigwe na baridi, tena ikiwa na unyevu, miezi mitatu au zaidi, ndipo ikubali kuamka, na kwamba kuidekeza dirishani ni kuinyima haki yake. Kuanzia hapo, kila mwaka bila kukosa, alipanda mbegu zake nje tarehe 14 Oktoba, siku ya Pokrova kwa kalenda ya wazee, ambayo bibi yetu alisema ndiyo siku Mama wa Mungu anapoifunika nchi kwa theluji, akatandika wavu wa waya juu ya kitalu kwa sababu ya panya, akaenda zake. Nyingine huota majira ya kwanza ya kuchipua, nyingine ya pili, nyingine ya tatu, na yeye hakuwahi kukigeuza kitalu kabla ya majira ya tatu kupita. Kwa mbegu alikuwa na subira kama hiyo. Kwa watu, mnamjua.

Kila Juni alikuwa akitembea kati ya safu saa kumi na moja asubuhi, kabla nyuki hawajaamka, akiwa na koleo dogo la nyusi aliloliiba kwenye droo ya Olga, akitoa chavua ya ua moja na kuipaka katika jingine, na kwenye kila ua akining'iniza kibati chenye majina ya wazazi wote wawili. Miche ilipokua aliipima kwa sheria tatu, nazo ni hizi, iishi baridi tatu bila kufunikwa, shina lisimame wima katika upepo wetu, na rangi iwe safi. Wenzake wa chama cha maua walikuwa wakiifunika yao kwa majani makavu ya kitani, na yeye aliwaambia wazi kwamba wanazalisha wagonjwa. Kwa hesabu ya madaftari yake aliotesha miche zaidi ya elfu saba, na mpaka anafariki alikuwa ameipa miche minne tu majina. Iliyobaki yote iling'olewa kwa sepetu na kwenda kwenye jalala nyuma ya banda la trekta.

Tarehe 16 Juni 1991, siku ya Jumapili, tukiwa tumekwenda kwao kula, Olga alitoka na kikombe chake cha kahawa, akatembea kwenye safu ya kumi na nne, akasimama mbele ya ua moja lenye rangi ya kutu, kutu ya jembe lililosahauliwa mvuani, na ndevu zake za dhahabu, akainama kulinusa, akamwita mumewe. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu.

"Metro, hili hapa. Hili lipe jina langu."

"Shina limepinda."

"Na mimi mgongo umepinda, mbona hujanitupa?"

"Wewe sikukuotesha mimi."

Tulicheka, na Olga naye alicheka, lakini nilimwona akilitazama lile ua mara ya pili. Tulipokuwa tukiosha vyombo Metro alilichomoa, kwa sababu kwake sheria ilikuwa sheria, wala hakuona kama amemkosea mtu. Siku ya pili mchana Olga alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu, akashuka na ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na tunguu lile na udongo wake.

"Wifi, lipande nyuma ya gereji. Kaka yako asijue."

"Akijua je?"

"Atakuja na sepetu mpaka hapa, humjui? We nyamaza. Nitamwambia mwenyewe siku nikitaka."

Nililipanda kati ya ukuta wa gereji na mtungi wa gesi, mahali pabaya ambapo hata magugu yalikuwa yakisitasita, na sikulifunika, kwanza kwa sababu sikuwa na majani ya kitani, na pili kwa sababu mimi si mtu wa maua. Lilichanua kila mwaka. Mwezi Juni ukifika, kabla Metro hajaja kwangu kwa chakula cha Jumapili, nilikuwa nikikata maua yote na kuyaficha bafuni, chumba pekee cha nyumba yangu ambacho hakuwahi kuingia, maana alishikilia kwamba bafu la mtu ni la mtu, na angeendesha gari hadi kwake kuliko kutumia langu.

Olga alifariki tarehe 21 Februari 2003, kwa kiharusi, bila kuugua na bila kuaga, na siku aliyoitaka ya kumwambia mumewe haikuwahi kufika. Kaburini Metro alinishika mkono, akaniambia kwamba mara moja tu katika miaka arobaini Olga alimwomba jina la ua, na yeye akamnyima, na kwamba ua la kwanza litakalopita sheria zote tatu litaitwa Olga. Hapo ndipo ilinipasa niseme, na sikusema. Nilijiambia kwamba nimeahidi. Kisha miaka ikapita nikawa naona aibu, kisha aibu nayo ikawa mazoea, na nikisema kweli yote mbele ya jeneza, kulikuwa pia na kijiraha kidogo cha kujua kitu ambacho Metro Chorneyko hakijui.

Alitafuta kwa miaka ishirini na moja. Mwaka 2016 alipata la manjano lililosimama kama mlingoti, likapita baridi ya kwanza na ya pili, akaanza kuliita Olga chini chini, lakini baridi ya 2019 ilikuja bila theluji, ardhi ikapasuka, na Mei alikuta safu zote laini, zimeoza, zinanuka, isipokuwa vipande viwili vya lile la manjano ambavyo havikuwa na nguvu ya kuchanua. Alikuja kwangu siku hiyo, akakaa mezani, akasema hana umri wa kuanza upya. Nyuma ya gereji, hatua kumi na tano kutoka kwenye kiti alichokalia, lile la Olga lilikuwa limetoa mashina kumi na saba. Nilimwekea supu.

Mnamo Februari 2024 alianza kupungua mwili, na tarehe 7 Machi madaktari wa Yorkton walituambia kwamba ni saratani ya kongosho, imeshasambaa, hakuna cha kukata. Alikataa kwenda Regina kwa Darlene, akakataa Saskatoon kwa Orest, na tarehe 20 Aprili alihamia kwangu, chumba cha mbele, akija na mfuko mmoja wa nguo na masanduku matatu ya madaftari. Na kwa kuwa sasa bafu langu lilikuwa bafu lake, sikuwa na mahali pa kuficha maua.

Ijumaa ya tarehe 14 Juni nililiona la kwanza limefunguka. Nilimvalisha koti, nikamshika kiwiko, nikamzungusha nyuma ya gereji, na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo sikuanza. Akapiga magoti, jambo ambalo daktari alimkataza, akakwangua udongo kwa kidole kutafuta mabaki ya majani makavu.

"Umekuwa ukilifunika?"

"Sijawahi."

"Tangu lini?"

"Tangu Olga alipolileta kwa ndoo."

Nilimgeuzia ndoo, akakaa juu yake, na niliona midomo yake ikihesabu baridi moja baada ya nyingine, hadi thelathini na tatu. Akasema, "Miaka ishirini na moja, Nettie." Akalia, na mimi kaka yangu nilikuwa nimemwona akilia mara mbili tu. Nilimwomba msamaha pale pale, na leo nawaomba na ninyi Orest na Darlene, kwa sababu ilikuwa haki yenu pia. Alipangusa uso, akaliangalia shina, akasema, "Limepinda," kisha akaniagiza nikalete koleo la nyusi.

Orest alikwenda shambani kwa baba yake akaleta shina la lile la manjano, ambalo mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu 2019, lilikuwa limechanua ua moja, na kwa kuwa mikono ya Metro ilikuwa ikitetemeka, ilibidi kazi niifanye mimi, yeye akiwa juu ya ndoo ananielekeza. "Taratibu! Hunyonyoi kuku!" Nilipaka chavua katika maua matatu, akaandika vibati vitatu, na ilimchukua asubuhi nzima. Siku tatu baadaye, tukiwa tunakunywa chai, bila kuulizwa, alisema, "Ungeniambia, ningelichomoa." Nimelifikiria sana neno hilo, na nimeamua kwamba ndio ulikuwa msamaha wake, maana najua hakuwa na namna nyingine ya kuutoa.

Maganda yalikauka tarehe 27 Agosti, akazipukusa mwenyewe kitandani juu ya taulo, mbegu hamsini na nane, nyeusi na nono. Tarehe 30 Septemba alizidiwa akalazwa katika hospitali ya hapa mjini, na Jumatano tarehe 9 Oktoba, saa nane na robo mchana, Darlene akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka themanini na sita, miezi saba na siku sita.

Kwa niaba ya familia, namshukuru Daktari Van Rooyen ambaye hakutuficha kitu, na muuguzi Jocelyn aliyevumilia kuambiwa kwamba maua yaliyoko mapokezi ni ya plastiki na ni aibu. Nawashukuru wazee wenzake wa ghala waliombeba leo, chama cha maua, ambacho naona mmekaa mstari wa mbele na mmesamehe yale ya wagonjwa, jirani yangu Bill Kitsul aliyetusafishia njia theluji iliyochelewa ya Aprili ili gari lililomleta Metro kwangu lipite, wanakwaya, na kina mama waliokunja pyrohy, vile vifuko vyetu vya unga na viazi, tangu Ijumaa hadi vidole vikafa ganzi. Kama kuna niliyemsahau, anisute wakati wa chakula.

Nimebakiza mambo mawili. Jana ilikuwa Pokrova. Orest, Darlene na mimi tulizipanda mbegu zote hamsini na nane katika kitalu chake, tukatandika wavu, na nitawaomba ninyi mnaopita barabara ile msiruhusu mtu akigeuze kitalu hicho kabla ya majira ya tatu ya kuchipua. Ua la kwanza, tukibahatika, litakuja mwaka 2027. Nitakuwa na miaka themanini na miwili, na nimekusudia kuwepo.

Jambo la pili ni hili. Alhamisi, nilipokuwa nikitafuta tarehe za kuwasomea, nilifungua daftari lake la mwaka 1991, na katika ukurasa wa safu ya kumi na nne, kwa ule mwandiko mzuri aliousifu mwalimu, nilikuta ameandika wakati ule, "Rangi ya kutu. Harufu njema. Shina limepinda. Tupa." Neno la mwisho limekatwa kwa mstari wa kalamu mpya, mwandiko umeyumba, tarehe ni 17 Juni 2024, ile siku ya chai, na juu yake ameandika, "Baridi 33, halikufunikwa. Jina: Olga." Yale maneno ya shina kupinda hakuyafuta.

Metro, kaka yangu, tutakulaza karibu na mkeo, upande wa kaskazini, nawe sasa una haja ya kile ulichokiomba kila Oktoba kwa ajili ya mbegu zako. Pumzika, na theluji iwahi mwaka huu, ikufunike vizuri.